Mchezo na Kamari: Mpaka Uko Wapi?



Mtu anayeanza kuichunguza dini huja kwanza na maswali makubwa: juu ya Mwenyezi Mungu, juu ya mitume, juu ya maisha baada ya kufa. Lakini baada ya siku chache huuliza swali jingine, na hili hulitaja kwa sauti ya chini kana kwamba analionea haya: "Je, naruhusiwa kucheza?" Wako wanaomjibu upesi kwamba kila mchezo ni upuuzi, na muumini hana haja nao. Wako wengine wanaomjibu kwamba mchezo ni mchezo tu, hauna dhambi wala thawabu. Majibu yote mawili ni mepesi, na yote mawili humwacha muulizaji gizani. Wa kwanza amemnyima asichonyimwa na Mungu. Wa pili amemfungulia mlango asiojua unaelekea wapi.

Yafaa basi tulipime jambo hili kwa mfano mmoja. Tumeuchagua mchezo ambao ulipata kushtakiwa, ukahukumiwa, ukapigwa marufuku, kisha ukaachiliwa huru baada ya miaka 34. Mchezo huo ni pinboli, ambao kwa miaka mingi ulikuwa pambo la majumba ya michezo ya sarafu katika miji ya Marekani na Ulaya. Katika kisa chake mna mafundisho yanayomfaa hata mtu ambaye hajapata kuiona mashine hiyo kwa macho yake.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Pinboli ni meza yenye miguu minne, iliyofunikwa kwa kioo, na upande wake wa mbali umeinuliwa kidogo kuliko ule alipo mchezaji. Mchezaji hutumbukiza sarafu, huvuta kisukumio chenye springi, na gololi ya chuma yenye uzito wa gramu 80 hivi huruka mpaka juu, kisha huanza kuteremka yenyewe. Njiani hugonga vizuizi vinavyowasha taa na kuliza kengele, na kila kinachogongwa huongeza hesabu ya pointi. Chini kabisa pana tundu. Gololi ikiingia humo imepotea. Mchezaji ana vikono viwili vidogo, kimoja kila upande, ambavyo huviendesha kwa vitufe ili kuipiga gololi irudi juu kabla haijalifikia tundu hilo.

Asili ya mchezo huu yatoka Ufaransa. Mwaka 1777 kasri liitwalo Bagatelle lilijengwa karibu na Paris kwa muda wa siku 64 tu, kwa sababu Malkia Marie Antoinette na shemeji yake walikuwa wamewekeana dau kama laweza kumalizika upesi namna hiyo. Jina la kasri hilo likawa jina la mchezo wa mezani wa kusukuma gololi kati ya misumari. Mwaka 1871 Montague Redgrave, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Cincinnati huko Marekani, alipata hataza ya kisukumio chenye springi. Na mwaka 1931, katika mji wa Chicago, David Gottlieb alitoa mashine iliyoitwa Baffle Ball. Iliuzwa kwa dola 17.50, na mchezaji aliicheza kwa senti moja.

Angalia vizuri mwaka huo. Ulikuwa wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, ambapo mamilioni ya Wamarekani walikuwa hawana kazi. Mtu ambaye hakuweza kununua kitu kingine chochote cha kumfurahisha aliweza kupata senti moja. Hivyo mashine hizi zilienea madukani na mabaa kwa haraka ya ajabu. Furaha iliyouzwa kwa bei ndogo iliwafikia watu wengi, na senti za watu wengi ziliwatajirisha wachache.

HUKUMU YA MWAKA 1942

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Katika miaka hiyo ya mwanzo mashine za pinboli hazikuwa na vikono. Mchezaji alivuta kisukumio, akaiachilia gololi, akatazama inakokwenda. Zaidi ya hapo aliweza kuisukuma meza kidogo tu. Baadhi ya mashine zililipa fedha kwa aliyeshinda, na mahali pengine mwenye duka alimlipa mshindi kwa siri. Meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliamini kwamba mashine hizi ni kamari tupu, kwamba wahalifu walikuwa wakifaidika nazo, na kwamba zilikuwa zikiwapokonya watoto wa shule fedha walizopewa na wazazi za kununulia chakula. Mwezi wa Januari 1942 mchezo huo ukapigwa marufuku katika mji wake. Polisi walikamata mashine kwa maelfu, na meya mwenyewe alipigwa picha akizivunja kwa nyundo. Los Angeles ilikuwa imekwisha kuupiga marufuku mwaka 1939, na miji mingine mingi ikafuata.

Je, alikosea? Tusiwe wepesi wa kumcheka. Mtawala anayewahurumia watoto wanaolala na njaa kwa sababu senti zao zimemezwa na mashine ana haki ya kusikilizwa. Kwa mashine alizoziona, hukumu yake ilikuwa na msingi.

Lakini mwaka 1947, yaani miaka mitano tu baada ya hukumu hiyo, kampuni ya Gottlieb ilitoa mashine iliyoitwa Humpty Dumpty, na ndani yake mlikuwa na vikono sita. Kuanzia hapo mchezo ukawa kitu kingine. Mchezaji hakuwa tena mtazamaji wa bahati yake. Aliweza kuiokoa gololi, kuituliza, kulenga shabaha na kuipiga. Aliyejifunza kwa miezi alimshinda aliyeanza jana, na alimshinda tena na tena. Hata hivyo katika mji wa New York sheria ilibaki kama ilivyokuwa, ikikikataza kitu ambacho kilikuwa kimekwisha kubadilika, kwa sababu tu jina lake lilikuwa lile lile.

Hili ni fundisho la kwanza, na wanazuoni wa sheria wamelieleza tangu zamani: hukumu hufuatana na sababu yake. Sababu ikiwapo, hukumu ipo. Sababu ikiondoka, hukumu nayo huondoka. Anayehukumu kwa kutazama jina, asitazame sababu, atakataza halali na ataruhusu haramu, naye asijue.

MPIGO MMOJA MBELE YA BARAZA

Mwaka 1976 jambo hili lilifikishwa mbele ya kamati ya Baraza la Mji wa New York. Roger Sharpe, kijana mwandishi aliyeupenda mchezo huo na kuucheza kwa ustadi, aliitwa athibitishe kwamba pinboli ni mchezo wa ustadi. Zililetwa mashine mbili, moja ya kuchezea na nyingine ya akiba. Mjumbe mmoja aliyekuwa na shaka akadai kwamba ichezwe ile ya akiba. Sharpe akacheza, na wajumbe wakatazama. Mwishowe akawaambia ni njia ipi gololi itapita juu ya meza, akavuta kisukumio kwa kipimo, akaiachilia. Gololi ikapita pale pale alipotaja. Kamati ikaridhika, na marufuku ya miaka 34 ikaondolewa.

Lakini, ndugu msomaji, jambo la ajabu ni hili: baadaye Sharpe mwenyewe alikiri kwamba katika mpigo ule bahati nayo ilimsaidia. Ushahidi uliotolewa kuthibitisha kwamba mchezo si wa bahati ulikuwa wenyewe na sehemu ya bahati ndani yake!

Basi tuseme nini? Tuseme baraza lilidanganyika? La. Lililokosewa ni swali lenyewe. Pande zote mbili zilidhani kwamba ubaya wa kamari umo katika bahati. Kwa hiyo mmoja alijitahidi kuonyesha kwamba bahati ipo, na mwingine kwamba haipo. Lakini fikiri kidogo. Mkulima hupanda mbegu wala hajui mvua itanyesha lini. Mvuvi hutoka alfajiri na ngalawa yake wala hajui atarudi na nini. Mfanyabiashara huleta shehena sokoni wala hajui bei ya kesho. Kama kutojua mwisho wa jambo ndiyo haramu, basi kazi zote za mwanadamu zingekuwa haramu, na hapangebaki halali ila usingizi.

UBAYA WA KAMARI UMO WAPI?

Qurani Tukufu imelieleza jambo hili kwa uadilifu unaostaajabisha. Katika sura Al-Baqara haikani kwamba kamari na ulevi vina manufaa fulani kwa watu; bali yaviweka katika mizani na kuonyesha kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa hayo. Na katika sura Al-Maida yataja madhara yenyewe: uadui na chuki kati ya watu, na kuzuiwa na kumkumbuka Mungu na sala. Muulizaji apate hapa kujua kwamba dini ya kweli haimkatazi mtu kwa ubabe. Yampa sababu, na sababu hizo aweza kuzishika mkononi kama mizani na kupimia mambo mapya ambayo hayakuwapo wakati ule.

Kwa kipimo hicho twapata maswali matatu.

Kwanza, ni juu ya mali. Je, faida ya mmoja yatokana na hasara ya mwenzake, bila kazi wala badala? Mkulima akivuna, hakuna aliyepoteza. Mcheza kamari akishinda, kila shilingi aliyoipata imetoka katika mfuko wa mtu anayesikitika.

Pili, ni juu ya mioyo. Je, watu wakiinuka kutoka mchezoni hubaki ndugu, au mmoja hutamani kuanguka kwa mwingine?

Tatu, ni juu ya wakati. Je, mchezo una mwisho? Waweza kuuacha muadhini akiadhini, mtoto akilia, kazi ikingoja? Au ndio unaokuacha wewe, baada ya kukumaliza?

Ama kucheza kwenyewe, hakukukatazwa. Yajulikana katika Hadithi kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Madina, naye Mtume Mtukufu s.a.w. akamwacha Bibi Aisha r.a. awatazame mpaka alipotosheka. Kadhalika alishindana naye mbio. Moyo unaopumzika kidogo hurudi kazini na nguvu mpya.

KWA NINI MCHEZO HUU HAUKUFA

Tuutie sasa mchezo wa pinboli katika mizani hiyo. Ile mashine ya zamani iliyolipa fedha yaanguka katika swali la kwanza, na La Guardia hakukosea kuikataa. Lakini mashine yenye vikono isiyolipa chochote yampa mshindi kitu kimoja tu, nacho ni nafasi ya kucheza tena. Hapana aliyenyang'anywa. Mchezaji amelipa sarafu yake kama alipavyo nauli, na amepata alichokilipia.

Na hapa pana jambo la kufikiri. Mwaka 1978 michezo ya kompyuta ilianza kuvuma kutoka Japani, na majumba ya sarafu yakajaa vioo vya picha. Wengi walisema kwamba siku za pinboli zimekwisha. Kweli mashine iitwayo The Addams Family, ya mwaka 1992, iliuzwa zaidi ya 20,000. Lakini mwaka 1999 kampuni kubwa ya Williams iliacha kabisa kuzitengeneza, ikabaki karibu kampuni moja tu. Hata hivyo mchezo haukufa. Kuanzia mwaka 2011 kampuni mpya zikazaliwa. Yako majumba ya ukumbusho, kama lile la Alameda katika jimbo la California na lile la Las Vegas, ambako mashine za kale hazifungiwi kabatini bali huchezwa. Katika mji wa San Francisco, Musée Mécanique lina mashine za sarafu za zamani zipatazo mia kadhaa, na mgeni hutumbukiza sarafu yake kama walivyofanya babu zake. Vijana waliozaliwa na simu mkononi husimama mbele ya meza iliyotengenezwa kabla baba zao hawajazaliwa. Wanatafuta nini?

Mimi naona kwamba wanatafuta mambo ambayo moyo wa mwanadamu umeumbwa kuyapenda.

Jambo la kwanza ni ukweli. Katika mchezo wa kompyuta kila tokeo limekwisha kupangwa na mtunzi aliyeuandika. Gololi ya chuma haimjui mtunzi. Yatii uzito, mteremko na mgongano, yaani kanuni zile zile alizoziweka Muumba katika mito na nyota. Kwa hiyo hakuna mipigo miwili iliyo sawasawa kabisa, na mkono wa mchezaji hujibiwa na kitu kilichopo kweli.

Jambo la pili ni mwisho. Hakuna mchezaji, hata awe bingwa, ambaye gololi yake haitaingia tunduni. Meza imeinamia huko. Kila anayecheza anajua, na bado anacheza kwa bidii ili aipe gololi maisha marefu kidogo na yenye kazi nyingi zaidi. Watu wengi huuliza: kama Mungu amekwisha kukadiria, juhudi zetu za nini? Na tuitazame meza hii. Mteremko hakuuweka mchezaji, wala hawezi kuuondoa. Lakini amepewa vikono viwili. Anayevikunja mikono kwa hoja kwamba gololi itapotea tu, amesema kweli juu ya mteremko na amesahau vikono. Na anayedhani kwamba kwa vikono vyake ataishinda meza milele, naye ajidanganya. Hatutaulizwa kwa nini meza imeinama. Tutaulizwa tulivitumiaje vikono.

Jambo la tatu ni kiasi. Ndani ya mashine mna timazi dogo la chuma linaloning'inia katikati ya pete. Mchezaji aweza kuisukuma meza kidogo ili kuisaidia gololi, na mabingwa wote hufanya hivyo. Lakini akiitikisa kwa pupa, timazi hugusa pete: vikono hufa papo hapo, na gololi huenda zake. Mashine yaruhusu bidii na yaadhibu pupa. Wako watu wanaotaka kuilazimisha dunia iwape wanachokitaka, kwa rushwa, kwa uganga, kwa ghadhabu. Nao hushangaa kwamba mikono yao imekufa.

HATARI ILIYOGEUZA NJIA

Lakini tusifurahi upesi, kwani mizani hupima pande zote. Kama kitu kilichokuwa kamari kiliweza kuwa mchezo, vivyo hivyo mchezo waweza kuwa kamari. Huko Japani mchezo wa watoto wenye asili moja na pinboli ulisimamishwa wima ukaitwa pachinko. Leo watu wazima hukaa mbele yake kwa saa nyingi wakikusanya gololi, wanazibadilisha kwa zawadi, na zawadi hizo huuzwa kwa fedha katika kidirisha cha jirani. Gololi ni zile zile, misumari ni ile ile. Sababu ndiyo iliyoingia.

Wala tusitazame mbali. Kandanda ni mchezo wa ustadi bila shaka yoyote, na hapana baraza lililowahi kuhitaji kuthibitishiwa hilo. Lakini kijana wa Dar es Salaam au wa Nairobi anayeketi na simu yake akipanga kile kiitwacho "mkeka", na kuweka fedha za kodi ya nyumba juu ya magoli ya timu asizozijua, yeye hachezi kandanda. Wale 22 uwanjani wanacheza. Yeye anacheza kamari. Mpira ni mmoja, na saa ni moja, na hukumu ni mbili. Tena mashine ya sarafu ya zamani ilikuwa na mlango uliofungwa usiku, na sarafu zilipokwisha mfukoni mtu alikwenda nyumbani. Simu haina mlango, na mfuko wake ni akiba yote ya familia. Lile lililomhuzunisha La Guardia, yaani senti za chakula cha watoto, leo lipo mikononi mwetu kwa ukubwa ambao yeye hakuuona.

Basi wewe uliyeuliza kwa sauti ya chini kama waruhusiwa kucheza, jibu ni hili. Usiutazame mchezo kwa jina lake, wala usiulize tu kama una bahati ndani yake. Jiulize: nani amelia ili mimi nicheke? Niliyecheza naye, tuliachana vipi? Na ilipofika saa ya kuondoka, niliondoka? Mtu anayeweza kuyajibu maswali hayo matatu bila kuona haya mbele ya Mola wake na mbele ya watoto wake, na acheze kwa moyo mweupe, apumzike, kisha arudi kazini mwake. Na yule ambaye swali moja limemfunga ulimi, hahitaji mufti wa kumwambia.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona sababu za mambo, na mikono yenye bidii isiyo na pupa. Amin.